Fundi wa Kusikiliza Pikipiki

Ukimwuliza Fundi habari ya asubuhi, alikujibu kwamba amechoka. Hakuwa akitania. Watu wengine wote pale kando ya reli walijibu "mzuri" hata kama wamelala njaa, lakini yeye alivuta kreti ya soda aliyoifanya kiti, akaikalia taratibu, akasema, "Nimechoka, shemeji. Wewe je?" Nami nilimwambia nimechoka pia, tukaanza siku. Miaka yote niliyouza chai mlangoni pa banda lake hapo Nakuru sikumbuki tukisalimiana kwa namna nyingine.

Jina alikuwa nalo, na kwao lilijulikana. Sisi tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa tele, wa viatu, wa saa, wa kushona, wa baiskeli, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno ilieleweka ni yule mrefu aliyeinama mgongo, wa pikipiki. Mimi aliniita shemeji kwa sababu mume wangu, aliyekuwa akichochea makaa kwenye gari la moshi, alitoka naye upande mmoja wa Maragoli, na huko watu wa mlima mmoja ni ndugu wapende wasipende. Ushemeji huo ulinipa ruhusa ya kumtania, na nilimtania sana. Bila hivyo siku za miaka ile zisingekwisha.

Pikipiki zenyewe zilikuwa kuukuu. Nyingi ziliachwa na jeshi baada ya Vita Vikuu vya Pili, zikauzwa, zikauzwa tena, mpaka zikawafikia wainjilisti, walimu wa misheni, madresa wa kutibu mifugo na makarani wa mashamba. Wazungu wachache walikuwa nazo pia, wale wasiotaka kuchafua motokaa zao. Zote zilipita kwa Fundi mapema au baadaye, kwa maana hakuna pikipiki kuukuu isiyokuwa na kelele, na kelele ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Usiniambie imeharibika nini," alikuwa akimkatiza mtu. "Niambie inalia namna gani."

Na hapo ndipo wateja wangu walipoweka vikombe chini. Fundi hakugusa chombo cha mtu kabla mwenyewe hajakiigiza kwa mdomo wake. Alitaka kusikia kama sauti ni nene au nyembamba, kama inakuja haraka haraka au inapumzika katikati. Nilimwona mchungaji mzima, kola shingoni, amesimama kwenye vumbi akisema, "Kra… kra… kra."

"Ukipatia mafuta ama ukiachilia?"

"Nikiachilia."

"Basi lia kama umeachilia, mchungaji."

Mchungaji akalia kama ameachilia. Sisi tulikufa kwa kicheko, lakini Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, macho yamefungwa, anafikiri. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyekataa kabisa, akasema yeye si mtoto wa kulialia barabarani. Fundi hakubishana naye. Alimwambia arudi akiwa tayari. Mwalimu alisukuma pikipiki yake mpaka shuleni, na juma lililofuata akarudi, akaenda nyuma ya banda, akageukia ukuta wa mabati, akalia peke yake. Fundi alisimama upande huu wa ukuta akisikiliza. Mwalimu alipotoka, Fundi akamwambia, "Ni cheni. Ina mahali imeshikana. Asante, mwalimu."

Niliwahi kumwuliza kwa nini anawatesa watu hivyo. Alisema mtu akija na jina la kitu kilichovunjika, jina hilo amepewa na jirani yake. Lakini ile sauti imemfuata njia nzima, ameilalia, ameiamkia, hawezi kuikosea. Alisema hivyo akiwa anakunywa chai, bila kujisifu, kisha akaniambia sukari ni kidogo.

Baada ya mdomo ilifuata miguu. Fundi alisukuma pikipiki mwenyewe, injini imezimwa, kutoka kwenye banda mpaka juu karibu na Milimani, kule barabara zilikokuwa nzuri na kimya kwa sababu ya nyumba za wakubwa. Walinzi wa mageti walimfukuza, akahamia barabara nyingine. Kisha aliipanda na kuiacha iteremke yenyewe, injini imekufa, hakuna sauti ila ya magurudumu. Kama kelele ilimfuata mpaka chini, alijua iko kwenye gurudumu, au cheni, au ile spoketi yenye meno inayovuta cheni. Kama haikumfuata, alijua iko mbele zaidi, kwenye klachi au injini. Watu walimwomba wamsaidie kusukuma akakataa. Alisema atasikia pumzi za mtu mwingine badala ya chombo.

Kwa hiyo alisukuma peke yake, mwaka baada ya mwaka, na hakuwa kijana. Alirudi shati limelowa, goti la kushoto limevimba, akakaa kwenye kreti yake na hakuna aliyemsemesha mpaka chai imefika nusu ya kikombe. Nilimkasirikia mara nyingi. Nilimwambia kuna wenzake mjini wanaofungua kila kitu na kubadilisha chochote wanachokuta, na hawasukumi. "Ndiyo," alisema, "na kelele inarudi na mwenyewe." Halafu akakanda goti lake.

Alikuwa na bisibisi moja ndefu ya mpini wa mti. Mpini huo aliuuma kwa meno, ncha akaiweka kwenye boksi ya gia injini ikinguruma, akabaki hivyo ametoa macho. Alidai kwamba sauti inayopita kwenye meno haichanganyiki na ya barabarani. Ule mpini ulikuwa umeliwa kama gunzi. Jino moja la mbele hakuwa nalo, naye alisema liling'olewa na pikipiki ya dresa wa ng'ombe iliyokuwa na beringi mbovu. Nusu ya watu waliamini.

Dresa huyo namkumbuka vizuri kwa sababu ndiye aliyenifanya nielewe kidogo ile kazi. Alikuwa akipanda Sachangwan kwenda Molo kuchoma ng'ombe sindano, na pikipiki yake ililia kwenye kupanda mlima tu. Fundi alimwuliza gia gani. Dresa akasema ya tatu, ya pili pia. Na ya nne? Ya nne kimya kabisa. Fundi akacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Akanieleza, akichora kwa kidole kwenye meza yangu yenye maji ya chai, kwamba ndani ya ile boksi kuna vyuma viwili vinavyozunguka, cha juu na cha chini. Ukiwa gia ya nne nguvu inapita juu moja kwa moja, cha chini hakina mzigo. Ukirudi ya tatu, cha chini kinabebeshwa, na kama beringi yake, ile pete ya gololi kinamozunguka, imekwisha kitalia. "Hata wewe, shemeji," akasema, "mtu asipokubebesha kitu unanyamaza." Nikamwambia basi anibebeshe pesa.

Vumbi la Nakuru lilikuwa adui yake. Upepo ukitoka ziwani, ile poda nyeupe ya magadi iliingia kwenye chai, kwenye unga, kwenye macho. Watu waliona cheni imekauka, wakaimwagia mafuta machafu ya injini, nayo ikashika vumbi lote la barabara na kujisaga yenyewe. Fundi aliita hiyo kupaka cheni uji. Yeye alitoa cheni, akaiosha kwa parafini mpaka ing'ae, kisha akaichemsha kwa mafuta ya kondoo katika sufuria kuukuu, juu ya jiko langu, polepole, ili mafuta yaingie ndani ya viungo na nje pabaki pakavu. Mafuta ya kondoo yalitoka kwa wafugaji wa Elburgon waliokuja sokoni. Harufu ilienda mbali. Watu walikuja na sahani. Mzee mmoja alikaa kitambo kizima akisubiri supu, na Fundi alipoinua cheni kwa waya ikichuruzika, mzee alisimama akaondoka bila kuaga. Sufuria hiyo nilikuwa nimemkopesha kwa siku moja. Sikuitaka tena.

Msinielewe vibaya mkadhani namfanya mtakatifu. Kuhusu siku, Fundi alikuwa mwongo kama mafundi wote duniani. "Kesho" yake ilikuwa na maana ya wiki ijayo, na "jioni" yake haikuwa na maana yoyote. Aliwaambia wateja kwamba kipuri kimeagizwa Nairobi wakati kipuri kimo mfukoni mwake na yeye amechoka tu. Kanisani alikaa kiti cha nyuma na kuondoka kwaya ikianza, eti sauti ya pili inakwaruza. Yeye mwenyewe alikoroma mchana mpaka kuku walihama. Barua za wanawe kutoka Maragoli zilikaa kwenye dirisha la banda mpaka nimlazimishe anisomee. Mke wake alikuwa amefariki zamani, na wanawe, ambao sasa walikuwa watu wazima, walikuwa wakimjengea nyumba. Alisema vizuri, wajenge, na akarudi kwenye kazi.

Lakini kuhusu kelele hakudanganya. Kama haipo, alisema haipo, na kukurudisha nyumbani hata kama umekuja umejiandaa kulipa. Kama ipo, alikwambia ipo hata kama habari hiyo itakulaza macho. Hilo kila mtu alilijua, na ndiyo sababu nasimulia habari ya alasiri ile.

Fundi alikuwa na mwenzake. Ndivyo tulivyomwita, Mwenzake, kwa kuwa Fundi hakumtaja kwa neno lingine ila "mwenzangu". Alikuwa Mkikuyu wa upande wa Nyeri, mfupi, mnyamavu, mikono myembamba kama ya mtu anayeandika. Walikuwa wamegawana kazi kwa namna ambayo wateja hawakuijua. Fundi alisikia, Mwenzake alifungua. Fundi kwenye boksi ya gia alikuwa hodari mpaka kwenye kifuniko tu. Ukimfungulia na kumwonyesha vile vyuma vya ndani alichanganyikiwa kama mimi, navyo akivirudisha kimoja kilibaki mkononi. Mwenzake alivitandaza juu ya gunia kwa mpangilio wake, akavirudisha bila kuangalia. Alikuwa na kopo la beringi alizokuwa akizitoa kwenye pikipiki zilizokufa, amezifunga moja moja kwa kitambaa. Wanaume wale wawili walikaa pamoja mchana kutwa, na maneno yao ukiyakusanya hayakujaza kikombe.

Halafu Imajensi ikaja, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, na Wakikuyu wakaanza kusakwa. Asubuhi moja malori yalizunguka mtaa. Mwenzake alichukuliwa akiwa ameshika spana. Aliyemchukua alikuwa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Njoro, aliyevaa sare ya polisi wa rizavu, wale wa akiba, siku hizo, na jambo la kuudhi zaidi ni kwamba alikuwa mteja wetu. Alikuwa na pikipiki ya jeshi aliyoipenda kuliko motokaa yake. Alimtambua Mwenzake, akamwangalia, akamwonyesha askari kwa kidole. Walimpeleka kwenye kambi ya kuchujia watu, nje kidogo ya mji.

Fundi aliokota ile spana chini. Siku hiyo hakusukuma kitu.

Siku chache baadaye Bwana yule wa Njoro akaja, anasukuma pikipiki yake, jasho linamtoka. Gereji kubwa ya mjini ilimwambia angoje vipuri kutoka Uingereza. Yeye hakuweza kungoja. Alikuwa na kazi ya kuteremka Mai Mahiu kila wiki. Alisimama mbele ya banda na wateja wangu wote wakawa wanaangalia chai yao.

"Lia," Fundi akamwambia.

Bwana alikuwa anajua desturi ya hapo. Akalia, "Grrrr," na alipofika mahali pa kuachilia mafuta akaguna kwa kifua. Akasema ni gia ya tatu na ya pili, ya nne kimya.

Fundi aliuma bisibisi yake. Hakukaa sana. Hata mimi nilikuwa nimejua, kutoka kwenye zile gia alizozitaja Bwana, kwamba ni ile beringi ya chini. Fundi alikuwa amenieleza siku nyingi kwamba ikivunjika kabisa vyuma vinakamatana, na gurudumu la nyuma linashika. Mtu akiwa anateremka Mai Mahiu, kona kwa kona, korongo liko mkono wa kushoto, gurudumu likishika hafiki chini akiwa mzima. Mteja wangu mmoja, dereva wa lori, alisema kwa sauti ya chini bila kuinua kichwa, "Mwambie ni cheni, mzee. Mwambie ni cheni tu, aende."

Fundi alimsikia. Alikaa kwenye kreti. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebebeshwa gunia akiwa tayari na lingine.

"Bwana, usipande hii," akasema mwishowe. "Itakuua."

"Basi tengeneza."

"Mimi siwezi. Mimi nasikia tu. Mtu ya kufungua ni ile ulichukua hapa."

Bwana alicheka, akadhani ni ujanja. Fundi akachukua spana, akafungua kifuniko, akamwonyesha vyuma vya ndani. "Nikitoa hii sitajua kurudisha. Uliza hawa watu." Mimi nilisema, "Ni kweli, Bwana."

Kesho yake baada ya saa sita Mwenzake aliteremshwa kwenye gari la polisi, na askari mmoja mwenye bunduki. Alikuwa na shati lile lile. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba. Fundi alimtandikia gunia, akamletea kopo lake la beringi, akakaa kando yake. Hawakushikana mikono wala kuulizana habari. Bwana aliona kazi imeanza, akaenda zake klabu, akasema atarudi jioni.

Nilidhani itachukua alasiri yote. Haikuchukua hata nusu. Ile mikono ilikuwa imetamani kazi. Alitoa beringi mbovu, kumbe ilikuwa imepasuka, akatia nyingine kutoka kwenye kopo, akafunga. Jua lilikuwa bado juu ya mlima wa Menengai.

Askari akasimama. "Imekwisha? Twende tungoje Bwana kwa stesheni ya polisi."

Hapo Fundi akainua mkono. "Ngoja," akasema. "Kuna kitu."

Akaisukuma pikipiki, safari hii akazunguka banda tu, akichechemea. Akasimama, akainamisha kichwa. "Gurudumu ya nyuma," akasema. "Inasema kitu kidogo."

Mwenzake alimtazama. Akatoa gurudumu. Halikuwa na lolote. Alilipaka grisi, akalirudisha polepole. Fundi akazunguka tena, akasema sasa ni klachi. Mwenzake akafungua klachi. Baadaye ikawa ni cheni, lazima ichemshwe, na cheni haichemshwi kwa haraka, askari aulize mtu yeyote. Sufuria ikaja kwenye jiko langu. Nilielewa, nikanyunyizia makaa maji nikiwa nimempa askari mgongo. Nikampa chai, nikampa maandazi, nikamwuliza habari za kwao na idadi ya ng'ombe wa baba yake. Alikuwa kijana mpole, mwenye usingizi. Fundi alikuwa anasikia kelele moja baada ya nyingine, kwenye spoketi, kwenye ekseli, kwenye stendi, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kusikia kitu ambacho hakipo. Alikuwa anatumaini kwamba Bwana atachelewa, au gari litaharibika, au atakuja amefurahi na kusema acheni mtu huyu hapa, ana kazi. Nilikuwa natumaini vivyo hivyo. Sijawahi kutamani kitu namna ile.

Mwishowe Mwenzake ndiye aliyeweka spana chini.

"Imenyamaza, ndugu yangu," akasema. "Imenyamaza tangu mchana. Wacha. Hawa watakuchukua na wewe."

Bwana akarudi. Alipanda pikipiki yake mpaka Milimani na kurudi, uso umechangamka, akasema ni nzuri kuliko ilipokuwa mpya. Fundi alivua kofia. Alimwambia, "Bwana, niachie huyu mtu. Umeona kazi yake." Bwana alimwangalia kama mtu anayekumbushwa jambo lisilomhusu. Alisema hilo si lake kuamua, na pengine ilikuwa kweli. Aliacha paketi ya sigara juu ya meza, akaondoka na pikipiki yake, haikulia hata kidogo. Mwenzake akapanda gari la polisi. Tulikuja kusikia kwamba alipelekwa kambi za mbali, na baada ya hapo hatukusikia neno kwa miaka.

Kulikuwa na watu walioacha kumsalimia Fundi. Walisema alimwokoa adui. Mimi mwenyewe nilikuwa na uchungu, nikamwambia siku moja kwamba angenyamaza tu, ingetosha.

"Nilifikiri hiyo," akasema. "Nilifikiri hiyo ya kwanza."

"Sasa?"

"Angekufa, mwenzangu angerudi? Angeletwa mzungu mwingine asiye na pikipiki."

Tangu hapo hakupokea kazi ya gia. Alisikiliza, akasema ugonjwa uko wapi, akamwelekeza mtu gereji nyingine. Kopo la beringi lilibaki kwenye rafu yake, na mtu akiligusa alifokewa. Alizidi kuchoka. Nilikuwa nikimwona saa zingine amekaa kwenye kreti, kazi iko mbele yake, mikono juu ya magoti, na sikuwa na utani wa kumpa.

Mwisho wa miaka ile ya hamsini wanawe waliandika kwamba nyumba imekwisha, mabati yameezekwa, baba aje. Safari hii alikubali. Mume wangu alizungumza na wenzake wa reli wakampatia nafasi kwenye gari la Kisumu. Nilimpikia kuku na maandazi ya njiani, nikafunga kwenye kitambaa, nikaenda stesheni kumsindikiza mchana ule.

Nilimkuta amekaa kwenye sanduku lake la vyombo. Kando yake kulikuwa na mzee mwembamba, koti kubwa, kofia ameishusha machoni. Nilimsalimu yule mzee kama mgeni. Akasema, "Mama, chai bado iko?"

Sikumjua kwa uso. Nilimjua kwa sauti, ile sauti ndogo. Nilinyoosha mkono, naye akatoa wake kutoka kwenye mfuko wa koti, na ulikuwa haufungi. Vidole vilikuwa vimekauka vikiwa vimejikunja nusu, mkono huu na ule. Sikuuliza walimfanya nini, naye hakuniambia. Nililia pale mbele za watu, na hawakuninyamazisha.

Fundi akanieleza. Mwenzake alikuwa ameachiliwa, amerudishwa kwao Nyeri, na alipewa ruhusa ya kuja Nakuru siku chache tu kuchukua vitu vyake. Kukaa hakuruhusiwa.

Gari la Kisumu likaingia. Watu wakaanza kugombania milango. Fundi alibaki amekaa.

"Shemeji, gari ni hili," nikamwambia.

"Hili si langu," akasema. "Tunangoja la Nairobi. Kesho tutachukua lile la kwenda Nanyuki, atanionyesha pa kushukia."

"Nyeri unajua nani wewe?"

Akamwonyesha Mwenzake kwa kidevu. "Kuna soko hapo kwao, kuna baiskeli, kuna pikipiki ya misheni. Yeye ataniambia, mimi nitafungua. Nitajifunza."

"Umezeeka, Fundi. Na watoto? Wamekujengea nyumba."

"Watoto wangu wana mikono, shemeji."

Gari la Kisumu likapiga honi, likatoka, na behewa la mwisho likapita mbele yetu likiwa na mlango wazi. Hatukulitazama. Nikampa Fundi lile furushi. Akalifungua juu ya magoti yake, akachambua nyama ya kuku kutoka kwenye mifupa, taratibu, kwa vile vidole vyake vinene, akavipanga kwenye kiganja cha mwenziwe vipande vidogo vidogo. Mwenzake akainamisha kichwa, akala. Nilisimama nao mpaka gari la Nairobi lilipofika.